Mzee kaacha kabati la vitabu: Msahafu, Biblia, Azimio na Rosa Mistika. Tugawane au libaki zima?

Binti Muheza (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni.

Mashamba ya michungwa tumeshagawana, kiwanja cha mjini kimepata mwenyewe, hata pikipiki mbovu imepata wa kuikokota. Kilichotukwamisha ni kabati la vitabu la marehemu baba. Kikao kimekaa, kimevunjika, kimekaa tena. Kaka mkubwa, mtumishi wa serikali Dodoma, anataka vya siasa. Shangazi anataka vya dini viende madrasa. Mjomba anasema mle ndani kuna Biblia ya marehemu babu na haondoki bila hiyo. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye tangu amalize kidato cha nne sijapata kumwona na kitabu mkononi, anasema karatasi kuukuu zina soko kwa wauza karanga.

Nyumba yenyewe ni hivi: baba Mwislamu, mama Mwanglikana wa Magila. Anayeijua Muheza hashangai. Wamisionari wa UMCA walijenga Magila karne ya 19, na Uislamu nao ulikuwa unapanda kutoka pwani, kwa hiyo ukoo mmoja wa Kibondei unakuta una Athumani na Petro, na pilau ya Idi na ya Krismasi zinapikwa na mikono ileile. Wazee wetu walioana bomani, miaka michache baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Sisi watoto tulisoma madrasa. Mdogo wangu alibatizwa ukubwani kwa hiari yake. Baba akasema "Haya", akaendelea kumenya chungwa.

Sasa kabati. Rafu ya juu kabisa ni Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, tafsiri iliyotoka kamili 1969. Hiyo hakuwahi kuigusa kwa kalamu. Alichomeka vipande vya karatasi katikati ya kurasa, maswali yake yote kayaandika kwenye vipande. Pembeni yake Biblia ya Union Version, jalada jeusi, ndiyo hiyo anayoidai mjomba. Inayofuata ni Shaaban Robert, karibu wote. Chini yake Mwalimu: Azimio la Arusha, Ujamaa, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi aliyotafsiri huku akiongoza nchi (marais wa siku hizi sijui wanapumzika kwa kufanya nini). Na chini kabisa, nyuma ya marundo ya gazeti la Mzalendo, Rosa Mistika ya Kezilahabi. Hiki baba alikificha kwa sababu wakati fulani kilipigwa marufuku mashuleni. Mimi nikakisoma kwa sababu hiyohiyo.

Baba alikuwa TANU wa kadi, kisha CCM wa kadi. Mjomba, kaka yake mama, mwaka 1995 alimfuata Mrema upinzani, NCCR-Mageuzi, bila kuangalia nyuma. Kila Jumapili jioni mjomba alikuja kunywa chai na kubishana. Sebuleni kulikuwa na sheria moja tu: leta ukurasa. Ukidai Mwalimu kasema, leta ukurasa. Ukidai Mtume kasema, leta ukurasa. Ukidai Paulo kasema, halikadhalika. Huna ukurasa, unakunywa chai yako kimya mpaka uupate.

Nawapa mfano mmoja. Baba alipenda sana kuitupia mezani Tume ya Nyalali, ile iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi: asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, sasa hivi vyama vingi vimetoka wapi? Jumapili moja mjomba akaja na ripoti yenyewe chini ya kwapa, sijui aliitoa wapi. Akamfungulia pale ambapo tume hiyohiyo, pamoja na kuhesabu hiyo asilimia 80, ilipendekeza vyama vingi, kwamba wale asilimia 20 nao ni wananchi. Baba alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani, akamwambia mama aongeze chai. Kadi hakurudisha. Ila ile asilimia 80 hakuitaja tena mbele ya mjomba.

Leo tuna kundi la ukoo la WhatsApp. Tangu uchaguzi uliopita, admini karuhusu misiba na harusi tu, kwa sababu vingine vyote vilikuwa vinaishia kwenye matusi. Na ni watu walewale waliokulia sebule ile! Wanarushiana sauti ya mtu asiyejulikana, video iliyokatwa mbele na nyuma. Ukiuliza kasema wapi, lini, unajibiwa "imetumwa kama ilivyopokelewa".

Ndiyo maana naona kabati hili si mali kama pikipiki. Limeifanya nyumba ya dini mbili na vyama viwili ikalike. Ukiligawa kwa mafungu, vya siasa Dodoma, vya dini madrasa, kila mtu anakwenda kukaa na ukurasa anaoupenda. Mnashauri nini?

Chuma Ulete

Naweka kigoda hapa. Huyo wa karanga ndiye mtu wangu 😂

Mtu wa Korogwe

Mleta uzi pole kwa msiba, lakini ngoja nikuharibie kidogo. Tuna tabia ya kuwapamba wazee wakishazikwa. "Leta ukurasa" ni sheria nzuri ikiwa dukani kuna kurasa za kila aina. Mwaka 1975 Mjomba angeleta ukurasa gani? Uhuru la chama, Mzalendo la chama, Radio Tanzania ya serikali. Wewe mwenyewe umesema kitabu kimepigwa marufuku. Aliyeshika ufunguo wa kiwanda cha uchapaji ndiye aliyekuwa anashinda mabishano kabla hata chai haijachemka.

Watoto wa leo wana takataka nyingi kwenye simu, kweli. Lakini pia wana nyaraka ambazo baba yako asingeziona maisha yake yote.

Binti Muheza

Kaka yangu wa Korogwe, kuhusu magazeti huna mpinzani hapa. Lakini uongeze hili: mwaka 1993 Mwalimu aliandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kitabu kinachowachapa viongozi wa chama chake mwenyewe, Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wakiwemo, kwa walivyoshughulikia madai ya kuwa na serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Kilichapishwa Harare. Baba alikuwa nacho, na pembeni mwa kurasa ndiko alikoandika kuliko kote. Kurasa za mwanzo ameandika "Kweli?" Ukisogea mbele, alama ya kuuliza inapotea.

Na Kusadikika ya 1951 je? Karama kasimamishwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Shaaban alikuwa karani wa serikali ya Mwingereza alipokiandika. Mtu akitaka kusema, husema. Baba alikuwa anatusomea kile kitabu kwa sauti, akifika kwa waziri Majivuno anaigiza sauti ya diwani wetu fulani. CCM wa kadi huyo.

Mwalimu Mstaafu

Binti, marahaba. Nimefundisha miaka mingi mkoa huohuo, niruhusu niongee kwa urefu.

Umeanza na Qurani ya Sheikh al-Farsy na umefanya vizuri, maana kitabu kile chenyewe ni jibu la kitabu kingine. Tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilitolewa 1923 na Godfrey Dale, padri wa UMCA aliyekuwa Zanzibar, ndiyo hao hao UMCA wa Magila ya mama yako. Unaweza kufikiri alivyopokelewa. Mwaka 1953 Waahmadiyya wakatoa ya kwao, na miongoni mwa waliofanya kazi ile ni Sheikh Kaluta Amri Abedi. Masheikh wa pwani hawakuikubali, na Sheikh al-Farsy akaandika yake, humo ndani kawajibu waziwazi. Kwa hiyo Mswahili aliyekuwa na vitabu hivyo alikuwa na mdahalo wa karibu nusu karne nyumbani kwake, padri, Ahmadiyya na Sunni, kila mmoja ananukuu aya na kueleza kwa nini mwenzake kakosea. Walikuwa wakali. Lakini walijibizana kwa vitabu.

Huyo Amri Abedi ndiye watu wanayemtaja kila Jumamosi bila kumjua, wakienda uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha. Wanadhani ni mchezaji wa zamani. Alikuwa mshairi, sheria zake za kutunga mashairi zilitoka 1954 na mpaka leo washairi wanagombana kwa kuzitumia. Akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria, akafariki 1964 akiwa bado kijana. Dini, ushairi na serikali ndani ya kanzu moja.

Sasa geuza upande. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alipostaafu alizitia Injili zote nne katika utenzi. Zilichapishwa 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Utenzi ni bahari, yaani aina ya shairi, ya Waislamu wa pwani: ndiyo iliyobeba Tambuka, ndiyo iliyobeba Mwana Kupona. Mkatoliki wa Butiama anamsimulia Yesu kwa mizani ya Pate na Lamu, na hakuna aliyeandamana. Kama kabati la baba yako lina hata kimoja kati ya hivyo, usikitenganishe na al-Farsy. Viwili hivi vinapaswa kukaa rafu moja.

Kuhusu nani ni wengi, Waislamu au Wakristo, ambalo ndilo vijana wanauana nalo mitandaoni: sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa 1967. Zote zilizofuata hazikuuliza. Anayekupa asilimia, mwambie ile sheria ya baba yako.

Chuma Ulete

Mwalimu shikamoo. Mimi nilikuwa najua Amri Abeid alikuwa beki.

Mama Kulwa

Nimesoma uzi wote na kuna mtu mmoja simwoni. Baba anasoma, mjomba analeta ripoti, baba anavua miwani, na mama... "anaongeza chai". Dada yangu, hebu tuambie mama alikuwa anasema nini humo sebuleni?

Nauliza kwa sababu nami nimekulia nyumba yenye vitabu. Baba yetu alikuwa anatusomea utenzi wa Mwana Kupona sisi wasichana peke yetu, wavulana wanatumwa dukani. Mama mgonjwa wa 1858 anamwusia bintiye namna ya kumtii mume ili apate radhi. Utenzi mzuri, lugha tamu kweli, nami nimewasomea wanangu. Lakini nimewasomea wote, wa kike na wa kiume, na nikawauliza: huyu baba yao naye aliusiwa na nani? Shaaban Robert angalau alitunga mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Wazee wetu wengi walichagua ya binti tu.

Na huyo Rosa Mistika aliyefichwa nyuma ya magazeti ndiye kitabu cha familia kuliko vyote mlivyotaja. Watu walisema ni kitabu cha uasherati. Mimi nilichokisoma humo ni Zakaria, baba mlevi anayempiga mtoto, anayedhani fimbo ni malezi. Binti anatoka kwenye nyumba ile hajui lolote kuhusu wanaume ila kuwaogopa, dunia inamaliza iliyobaki. Kezilahabi, kijana aliyepita seminari, aliona hilo 1971. Sisi tukapiga marufuku kitabu, Zakaria tukamwacha.

Binti Muheza

Mama Kulwa, umeniwahi, nilikuwa naliwekea akiba.

Juzi nimekaa na mama tunapangusa vumbi. Nikafungua Rosa Mistika, nikaona kimeandikwa pembeni kwa penseli. Nikajua ni baba, kumbe mwandiko wa baba ulilalia kulia na huu umesimama wima, wa shule za misheni. Pale Zakaria anapomcharaza Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, kumeandikwa: "Kwa barua tu?" Na mbele kidogo: "Mwambie." Mwambie nani, hakusema. Nimemwuliza, kacheka, kasema baba yenu alikuwa anaficha vitu mahali ambapo mimi ndiye ninayefagia.

Sasa nakumbuka vizuri kwamba sisi wasichana hatukuchapwa kwa ajili ya barua, na zilikuwepo. Kaka ndiye aliyechapwa, kwa kuuza majarida ya Nchi Yetu ya baba.

Na sebuleni alikuwa anasema, ila si kwa sauti ya mkutano. Baba na mjomba wakikwama, anapita na birika anasema "si kipo kile cha jalada bluu", anaendelea na safari yake. Wote wawili wanainuka kwenda kabatini.

Msomaji wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Sheikh al-Farsy mnayemtaja alikuwa Kadhi Mkuu wetu hapa Kenya, na tafsiri yake ilichapishwa Nairobi, kwa hivyo na sisi tuna fungu kwenye hilo kabati, mtutumie hata rafu moja.

Nawaonea wivu jambo moja. Nyinyi mnagombana kwa chama. Huku kwetu chama huzaliwa leo, uchaguzi ukipita kinazikwa, wino wa kadi haujakauka. Kwa hivyo hapana mtu anayebishana kuhusu alichoandika kiongozi, kwa sababu hakuandika. Twabishana kuhusu jina lake la mwisho. Mimi mke wangu ni wa bara, na baada ya uchaguzi wa 2007 tulikaa wiki kadhaa hatuwashi redio nyumbani, si kwa sababu ya dini, dini hatujawahi kugombana. Vitabu vya Kiswahili nao vijana wetu wavisoma kwa sababu vimetahiniwa. Mtihani ukiisha, vyauzwa barabarani kwa wanaofuata. Mwanangu aliyapenda masomo hayo, lakini ukimuuliza kitabu chake kiko wapi, atakwambia bei aliyouza.

Mtu wa Korogwe

Likoni umenikumbusha. Tatizo si simu wala kabati. Ni kwamba viongozi wetu wameacha kuandika. Mwalimu alikuwa anakosea kwa maandishi, unamshika ukurasa wa ngapi. Wa sasa akikosea anasema alinukuliwa vibaya. Mzee Mwinyi na Mzee Mkapa angalau waliacha vitabu vya maisha yao. Naunga mkono lisigawanywe, ingawa bado nasema mzee wako alipambwa.

Wakili wa Jioni

Nawasalimu. Nimesubiri mtu aulize swali la msingi, naona kila mtu yuko kwenye fasihi. Mleta uzi, mnagawana kwa sheria ipi?

Kama ni mirathi ya Kiislamu, mjane asiye Mwislamu hana fungu la urithi, na mtoto aliyebatizwa hali kadhalika. Marehemu angeweza kuwausia, lakini wosia una mpaka wake, theluthi ya mali. Njia nyingine ni hiba, alichompa mtu akiwa hai na akamkabidhi. Hicho hakiingii kwenye mirathi kabisa. Kwa jinsi ulivyomweleza, mzee msomaji namna hiyo hawezi kuwa aliliacha hili hewani. Nyumba iko kwa jina la nani?

Binti Muheza

Wakili, nyumba ni ya mama. Baba alimpa kwa hiba zamani, kwa maandishi, mashahidi wakiwa sheikh wa mtaa na mjomba huyohuyo. Mdogo wangu aliusiwa fungu lake ndani ya theluthi, hilo halina ugomvi.

Wakili wa Jioni

Karatasi ya hiba inasemaje? Nyumba tu, au nyumba na vilivyomo?

Chuma Ulete

LETA UKURASA 😂😂

Binti Muheza

Wakuu, mrejesho.

Kikao kimekaa jana baada ya adhuhuri. Nilimwomba mama atoe karatasi ya hiba. Kaivaa miwani ya baba, kasoma mwenyewe kwa sauti: nyumba, uwanja, mnazi wa mbele, "na vyote vilivyomo ndani". Shangazi aliomba arudie. Akarudia. Kaka akaanza kusema kwamba vitabu kimsingi ni kumbukumbu ya kitaifa. Mama akamwuliza ukurasa wa ngapi huo.

Mjomba yeye alishikilia Biblia, kwamba ni ya baba yao mzazi kwa hiyo haikuwahi kuwa ya shemeji. Mama akaishusha, akafungua jalada, akampa asome. Mwandiko wa babu: "Kwa binti yangu, siku ya kipaimara chake." Mjomba amesoma, kaomba chai.

Uamuzi wa mama ni huu. Kabati haliondoki. Anayetaka kusoma aje, chai ipo. Shangazi ameruhusiwa kuwaleta watoto wa madrasa Alhamisi, mikono ikiwa imeoshwa. Mjomba anaendelea na Jumapili yake. Mwalimu Mstaafu, tenzi za Injili hazimo, lakini mama amesema ukipita Muheza ukiwa nazo kuna nafasi karibu na al-Farsy.

Kaka amesharudi Dodoma, leo asubuhi kanitumia ujumbe nimpigie picha Azimio, kurasa za miiko ya viongozi. Nimemwambia aje azisome hapa. Na mdogo wangu amepewa kazi ya kusimamisha miguu ya kabati kwenye makopo ya mafuta ya taa, mchwa wasipande. Anauliza atalipwa nini.

Chuma Ulete

Mlipeni karanga.